Alama ya Mzinga kwenye Merikebu

Mimi ni mwanamke wa hasira, na naanza na hilo ili mtu asije kuniambia baadaye. Hasira ni hasara, nimeambiwa kanisani na sokoni, na kaka yangu alianza kuniambia kabla sijang'oa meno ya utoto. Kaka huyo ndiye niliyekuwa nikipigana naye vita vya baharini, sisi watoto wa Mbeere ambao bahari hatujawahi kuiona hata siku moja.

Ilianzia shuleni. Kaka alirudi nyumbani na kitabu cha historia kilichokuwa na picha ya merikebu ya kivita ya Wagiriki wa kale, safu tatu za makasia kila upande, na mbele pembe ya shaba ya kutobolea merikebu ya adui. Akachonga ya kwanza kwa mlingoti wa mkonge, ile nguzo nyepesi inayochomoza katikati ya mkonge ukizeeka. Tukaijaribu kwenye birika la kunyweshea mbuzi, na mbuzi mmoja akala makasia yote ya upande wa kushoto. Hatukuacha tena. Yeye akaoa, mimi nikaolewa Meru, nikawa mjane, na bado kila likizo nilishuka kwao kupigana.

Kaka alichonga, mimi nilitengeneza makasia. Nina kibanda Nchiru, huko huko Meru, nauza maandazi na mayai kwa wanafunzi wa hosteli, na wanafunzi hao wakimenya miraa kwa meno huacha vijiti kila mahali. Niliviokota asubuhi kabla ya kufagia. Mama mmoja wa kanisa aliwahi kunikuta nimeinama na gazeti limejaa vijiti, akaenda kuniweka kwenye maombi. Nilivianika juu ya mabati wiki nzima, maana kijiti kibichi hunywea baadaye na kuchomoka tunduni, na kasia likianguka lenyewe katikati ya vita, huo ni ugomvi wa siku nzima.

Merikebu zake tulizipaka rangi nyekundu, zangu buluu. Meza ilitandikwa nailoni, mwendo ukapimwa kwa kamba yenye mafundo, na sheria zilikuwa kwenye daftari lililochakaa. Merikebu ikigongwa ubavuni imekufa. Ikipitiwa kando kwa kando, makasia ya upande ule yanang'olewa, inabaki kuzunguka mahali pamoja. Kaka alikuwa na subira ya kuudhi. Alirudisha zake nyuma kidogo kidogo mpaka nichoke, nimvamie, halafu ananigeukia. Alisema yeye hana haja ya kupanga vita, anangoja tu nikasirike.

Sasa nieleze habari ya mizinga, kwa sababu bila hiyo mtu hatanielewa. Baba yetu alifuga nyuki. Kila mzinga wake, gogo lililochimbwa na kutundikwa mtini, ulikuwa na alama yake, mikato miwili ya kusimama na mmoja wa kulala chini yake. Kwetu alama hiyo ndiyo hati. Hata mwizi wa asali huisoma kwanza. Mwana wa kwanza huirithi jinsi ilivyo, wa pili huongeza mkato mmoja. Binti haongezi kitu, binti ana mzinga gani? Baba alipofariki kaka alipata mizinga yote, mimi nikapewa blanketi lake. Sikumlaumu kaka, yeye hakutunga desturi. Lakini iliniuma, na nisidanganye, iliendelea kuniuma nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Pasaka ya mwaka jana tukapigana mara ya mwisho. Kaka alianza kwa kugonga merikebu yake mwenyewe. Nilicheka. Kisha akashika yangu, ya buluu kabisa, akaipeleka mbele na kuipiga ubavuni nyingine yangu. Nikamwambia arudishe. Akarudisha mahali pasipo pake. Baadaye akarudia tena, na mara hii sikucheka, nilisimama.

"Ukitaka kuniibia," nilimwambia, "iba kama mtu mwenye macho."

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya meza, vinapapasa nailoni. Halafu akasema, "Leo jua ni kali, dada."

Hapakuwa na jua. Tulikuwa ndani, na nje kulikuwa na mawingu ya mvua. Hilo nalikumbuka leo, siku ile halikuniingia kichwani hata kidogo. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Merikebu zangu niliziacha kwa sababu ya mvua, makasia yangeharibika.

Mnamo Juni mke wake alinipigia simu. Wifi yangu ni mtu wa maneno taratibu, huanzia mbali. Alisema kaka yangu siku hizi anashinda na kisu, amechonga alama ya mzee kwenye merikebu zote, zake na hata zile zangu. Alikuwa na neno jingine la kuongeza. Nikakata simu.

Nilichemka. Alama ya baba kwenye vitu vyangu! Kwetu ukiweka alama yako kwenye kitu cha mtu, umekichukua, na hakuna mzee atakayekusikiliza ukilalamika. Nikaona ni ile ile habari ya mizinga imerudi, kwamba hata vijiti nilivyookota kwa mgongo wangu ni vya mwana wa kiume. Agosti akanipigia mwenyewe. Sikushika. Akapiga tena siku ya pili, sikushika. Ndipo akatuma ujumbe, nadhani aliandikiwa na mtu: Njoo tucheze, nimerekebisha mambo. Nikasema moyoni, umerekebisha kweli, umejirekebishia. Sikujibu.

Oktoba kisukari kikammaliza. Nilifika akiwa tayari mochari.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakila, wifi aliniita chumbani akanipa katoni. Merikebu zote zilikuwa ndani, zimefungwa moja moja kwa gazeti. Nikamwambia azirudishe, ni za mwenye alama. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Akaniuliza kwani sikujua kwamba kaka yangu alikuwa haoni. Akaniambia macho yalianza kwenda mwaka mmoja kabla ya ile Pasaka, na kwamba kaka mwenyewe alimkataza kuniambia, akiogopa nitaanza kumwachia ashinde. Kwa simu ile ya Juni alitaka kuvunja katazo hilo, nami nikamkatia katikati.

Halafu akachukua mkono wangu, akaupitisha chini ya ubavu wa merikebu moja, kisha nyingine. Alisema hata yeye hakujua maana yake mpaka alipoelezwa. Kwenye nyekundu vidole vyangu vilikuta alama ya baba, miwili ya kusimama na mmoja wa kulala. Kwenye buluu kulikuwa na hiyo hiyo, na pembeni mkato mmoja zaidi.

"Alisema wewe ndiye mtoto wa pili wa mzee," wifi akaniambia. "Ilikuwa akishika, ajue ni ya nani. Alijifunza miezi miwili mezani pale, akisema utakuja Agosti."

Nililia mpaka wale waliokuwa wakila nje wakanyamaza. Watu walidhani namlilia marehemu, na ni kweli, lakini zaidi niliyalilia yale maneno yangu kuhusu macho. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi nina wajukuu sita, na huyu wa saba ndiye asiyetoka nyumbani kwangu.

Katoni iko hapa Nchiru, chini ya kaunta. Jumapili iliyopita nilifunga kibanda baada ya ibada, nikatandika nailoni, nikafumba macho. Nilizitoa moja moja, nikizipapasa ubavu. Yake. Yangu. Yangu. Yake. Nilipofumbua macho zilikuwa zimejipanga pande mbili za meza, nyekundu huku, buluu kule, na sikuwa nimekosea hata moja.

Ningeenda Agosti, naye asingekosea.