Mifuko ya Saruji Mkahawani kwa Babu

Kuna siku moja naikumbuka kama ya leo, mwanangu Nasri, na utaisikia hapa hapa nilipokaa, juu ya mifuko yako ya saruji. Usinitazame hivyo. Sishuki. Mwambie fundi wako akanywe chai kwanza, maana kiuno changu kimeshapata mkao na mimi mwenyewe nimeshapandwa na hasira.

Kila siku wageni husimama hapo nje wakiipiga picha roshani yetu, nawe husimama kando, kifua mbele, ukiwaeleza kwamba nyumba hii ni ya enzi za Malkia Viktoria wa Waingereza, reli ya bara ndiyo kwanza inatandikwa. Vizuri. Wawaambia babu zetu walijenga makazi juu na mkahawa chini, mchukuzi wa bandarini na tajiri wa pembe za ndovu wakinywa kahawa chungu baraza moja. Vizuri pia. Wawaambia mihimili ya msaji ilichongwa na mafundi wa Kihindi, na kwamba nyumba imehifadhiwa kisheria, hata msumari haupigwi bila kibali. Sasa niambie wewe mjuzi wa hayo yote: mifuko hii imefuata nini?

Ati, "Shangazi, sheria yalinda uso wa nyumba. Kuta za ndani ni zetu." Ni zetu! Na hiyo roshani, wadhani imesimama kwa dua?

Nilikuwa msichana, sijaolewa. Mwenye nyumba alikuwa bibi yetu, Mwana Esha, na neno lake halikuwa na rufaa. Akasafiri kwenda Lamu harusini. Ami yangu Salim, mwanawe, akaona huo ndio wakati wa kumfurahisha mamake. Kuta za mkahawa zilikuwa zimechujuka, chokaa ikidondoka vikombeni mwa watu, naye ametoka kuziona nyumba mpya za mtaa wa Tudor, hapa hapa Mombasa, zimemwingia moyoni. Akaleta saruji.

Wateja walipousifu ukuta wa mbele, akapaka na wa nyuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nawe wajua. Mwisho akaziba hata vile vitundu juu, boriti zinazobeba roshani zinapoingia ukutani, mahali palipoachwa makusudi hewa ipite. Nami, kwa ujinga wa ujana, niliwaita mashoga zangu waje waupapase ukuta wetu ulivyo laini.

Bibi alirudi na buibui lake bado lina vumbi la safari. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akaweka kiganja ukutani, akakinusa.

"Salim, njoo hapa. Mtu akivikwa koti la mvua, akafungwa vifungo vyote, akaambiwa alale nalo, atakuwaje?"

Ami akacheka. "Mama, hini ni nyumba, si mtu."

"Mawe haya yametoka baharini, yana chumvi na maji. Chokaa huyaacha yakatoa jasho. Wewe umeyafunga. Hilo jasho litakwenda wapi? Litaingia kwenye boriti. Itoe hiyo saruji."

Hakuitoa. Tulisema ni maneno ya kikongwe, hajui mambo ya kisasa. Mimi nilinuna, maana nilikwisha kujivuna mtaa mzima wa Kibokoni. Bibi akasema tena, na tena. Masika yakaja, yakapita, ukuta ukafura malengelenge, chumvi ikachungulia nyeupe, mkahawa ukanuka kama nguo iliyokunjwa mbichi. Ami akapaka rangi juu yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na kipande chenyewe kinaoza.

Siku ya Maulidi wanawake walijaa roshani kuitazama zafa ikipita njiani na ngoma zake. Boriti moja ikakatika ndani ya ukuta, kule ambako jicho halifiki. Roshani ikainama upande mmoja. Jirani yetu alimdaka mama yangu kwa buibui, lakini mguu wake ulikwisha kubanwa kati ya mbao. Nilikisikia kile kilio nikiwa chini, na ngoma za zafa zikanyamaza.

Waukumbuka mguu wa bibi yako, huyo mama yangu, Nasri? Ulipokuwa mdogo ulimwiga anavyouburura, tukakukanya, ukadhani ni uzee. Si uzee. Ni saruji.

Mwana Esha hakupiga kelele. Alitukabidhi tindo na nyundo, mimi na Ami. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Haya tazamani. Hamkusikia nyinyi, na guu lililovunjika si lenu." Kisha akatwambia tuivue nyumba tulichoivika. Tukabandua saruji yote, mkahawa umefungwa, vumbi la chumvi limetujaa matoni hata hatuoni, nami nalia bila kujua nalilia nini, vumbi au mama.

Basi leo nimeamka nikakuta mkokoteni umemwaga mifuko ile ile, mahali pale pale! Nyinyi vijana mutaambiwa mara ngapi? Kwani lazima kila kizazi kivunje mguu wake?

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uitie akilini. Ukirithi kitu usichokielewa, usikirekebishe kabla ya kuuliza kwa nini wenyewe walikifanya hivyo. Chokaa ikidondoka, paka chokaa, na mwakani upake tena. Nyumba kongwe ni kama mzazi mzee, kumhudumia hakuishi, na si aibu. Usijifiche nyuma ya sheria. Sheria italinda kile wapita njia wanachokiona, kilichobaki ni amana yako. Na mkubwa akikukanya, usingoje ushahidi, kwa kuwa ushahidi wenyewe huenda ukamwangukia asiyekuwa na kosa. Mkeo ana mimba, na jioni hupenda kupunga upepo huko juu. Mimi huko ndiko ninakotazama tangu asubuhi.

Mungu akupe umri na riziki ya halali. Ajaalie huyo mtoto akae kwenye roshani hiyo, na wanawe wakae, na kila atakayepanda ashuke kwa miguu yake miwili. Sema amin.

Haya, nipe mkono nishuke. La, ngoja. Mkokoteni urudi kwanza, uibebe mifuko hii.