Ripoti Zangu Zilivyoingia Gerezani

Baba yangu alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na nane, gerezani, na aliyeumia kwa jambo hilo ni mimi.

Nieleze kwanza alifikaje huko. Baba ni fundi mwashi, kwetu ni Kisauni, na ugomvi wake na jirani ulikuwa wa ukuta. Jirani alidai ukuta wetu umeingia kwake. Baba alidai kwamba ukuta haujasogea, ni jirani aliyesogea. Walitukanana wiki nzima kwa adabu, wakijuliana hali kwanza kila asubuhi, hata siku moja baba akashika mpini wa sepetu akamvunja mwenzake mkono. Mahakamani hakubisha. Hakimu alipomwuliza kama ana la kusema, alijibu, "Nilimpiga, mheshimiwa, na nimekosa. Lakini ukuta uko sawa." Akapewa miaka miwili.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na jambo ambalo halikutajwa kamwe: baba hakujua kusoma wala kuandika. Saini alikuwa nayo, tena saini ya kutisha, yenye mkia uliojiviringa kama wa kinyonga, na watu wengi wakiiona walidhani ni mtu aliyesoma mpaka akachoka. Zaidi ya hapo kalamu yake haikwenda. Barua ikija, macho yanamuuma, au miwani ameisahau kazini. Miwani hakuwahi kuwa nayo.

Mimi niligundua nikiwa darasa la nne, kanisani, katika ibada ya mazishi. Baba alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo wazi mbele yake, anaimba beti zote bila kukosea hata neno. Nikachungulia. Kitabu kilikuwa kimefunguka kwenye nyimbo za Krismasi.

Mtoto mwema angeinamisha kichwa akamhurumia mzazi wake. Mimi nilianza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya shule kufungwa.

Mwalimu wetu wa darasa, aliyekuwa nasi mpaka tunamaliza, alikuwa mzee wa Kimvita aliyefundisha Kiswahili, na hakukubali kuandika maoni ya ripoti kwa Kiingereza kama wenzake. Muhula ule aliniandikia hivi, kwa hati nzuri: "Ana maneno mengi kuliko kazi. Ajirekebishe." Jioni baba alikaa kwenye kigoda chake, akaipokea ripoti kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda wa kutosha, kisha akanirudishia.

"Hebu nisomee, mwanangu. Miwani nimeiacha kazini."

Nikasimama wima, nikasoma kwa sauti ya msomaji wa kanisani: "Huyu ni mwanafunzi mwenye bidii ya kupigiwa mfano. Mzazi ana haki ya kujivunia."

Baba akageuza uso akajikohoza. Kesho yake akachinja kuku.

Kuanzia siku hiyo mpaka namaliza shule ya msingi, kila muhula nilimtungia baba ripoti yake, na kila muhula kuku mmoja alikufa kwa ajili ya utunzi wangu. Nilikuwa na kiasi, sikusema nimekuwa wa kwanza. Nilipanda taratibu, muhula huu nidhamu, muhula ule usafi, ili mambo yaaminike. Mama alikuwa anajua kusoma. Baada ya baba kutia saini yake, mama alizichukua ripoti, akazisoma kimya, akazikunja, akaziweka sandukuni chini ya kanga zake. Hakunena neno.

Miaka ikapita. Nikapata kazi ya ukarani Changamwe, nikaolewa, nikasahau. Kisha likaja lile la ukuta.

Miezi ya kwanza ya kumtembelea baba ilikuwa mizito. Unapanga foleni tangu asubuhi, unaacha simu na kitambulisho langoni, unaita jina la mtu wako, unasubiri, halafu unapewa dakika chache za kusemezana kupitia wavu wa waya, huku familia nyingine kulia na kushoto zinapiga kelele kuliko ninyi. Baba alikuwa anaona haya kuonekana na sare ya milia. Alituuliza habari za paa, za mbuzi, za paa tena. Mama alimjibu. Mimi nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Siku moja akaja amechangamka. Akausogelea wavu, akatazama huku na huku kama mtu anayeficha magendo.

"Nimeingia shule," alisema.

Mambo yalikuwa hivi. Gereza lilikuwa na mafunzo ya useremala, ushoni na ujenzi, na maafande walipojua kuwa baba ni fundi, wakampa darasa la wafungwa awafundishe uashi. Wakampa na daftari la mahudhurio. Siku ya kwanza alilitazama lile daftari, akasema miwani yake ameiacha nyumbani. Mmoja wa wanafunzi wake, aliyekuwa karani wa benki kabla ya kuja huko (sikuuliza kilichomleta), akamtazama, akaelewa, akamwambia polepole, "Mzee, wewe nifundishe kupiga plasta, mimi nitakufundisha kusoma. Hapa tuna wakati." Ndivyo walivyopatana.

Tangu siku hiyo ziara zetu zikageuka darasa. Hakuuliza tena habari za paa. Alisoma kila kilichokuwa mbele yake: maandishi ya kanga ya mama, tangazo la ukutani, fulana ya mgeni wa mtu mwingine. "Si-mu... ha-zi-ru-hu... haziruhusiwi!" alitangaza, na afande aliyekuwa zamu akasema, "Vizuri, mzee. Sasa na wewe punguza sauti." Mama alicheka hadi akashika wavu. Mimi pia nilifurahi, tena kwa dhati, mpaka baba aliponigeukia.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Zile ripoti zako za shule. Zipo?"

"Ripoti? Baba, za zamani mno zile. Nadhani zililiwa na mchwa."

"Ninazo zote," alisema mama.

"Basi niletee siku ya familia," baba alisema, uso wake umejaa furaha. "Nataka nizisome mwenyewe. Siku zile nilikuwa nazisikia tu."

Njiani kurudi nilimbembeleza mama. Nilimwambia ni mambo ya kitoto, yatamuumiza mzee bure, tena yuko pahala pabaya. Mama akaniacha nimalize.

"Uliponiona nikinyamaza siku zile, ulidhani sijui?" aliniuliza.

"Sasa kwa nini hukuniumbua?"

"Ningekuumbuaje? Ningemwambia mume wangu, 'Mtoto amekusomea uongo,' angejua nami ninajua kuwa hasomi. Nikaona afadhali wewe uwe mwongo." Akajifunga leso vizuri. "Na kuku tulikula sote."

Siku ya familia ni siku ambayo gereza hufungua uwanja, wafungwa waliochaguliwa wakae na jamaa zao bila wavu, wale pamoja chakula kilichotoka nyumbani. Mama alipika wali wa nazi, mbaazi na kuku wa kukaanga. Langoni afande wa kike alimwambia aonje kila sufuria, kuthibitisha ni salama. Mama akaonja kuku. Akaonja tena. Alipochukua paja zima, afande akasema, "Mama, nimeshaamini."

Kisha akafungua bahasha ya ripoti zangu. Karatasi haziingii gerezani bila kusomwa, na afande yule alikuwa mtu wa kufanya kazi yake kikamilifu. Alisoma ripoti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Midomo ikaanza kumcheza. Akamwita mwenzake. Wakasoma wawili.

"Na huyu mtoto yuko wapi siku hizi?" aliuliza.

Mama akanionyesha kwa kidevu.

Afande akanitazama kuanzia viatu hadi kilemba. "Pita, mama," aliniambia. "Mungu akusaidie."

Tulikaa chini ya turubai, mimi, mama na baba, na yule karani wa benki ambaye siku hiyo hakuwa amepata mgeni, kwa hiyo baba alimkaribisha kwetu. Tulikula. Nilimpakulia baba mara tatu nikitumaini atasinzia. Akanawa mikono, akaifuta kwenye suruali, akafungua bahasha.

Alianza na ripoti ya darasa la nne. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, kwa sauti ya mtu anayetaka turubai la jirani nalo lifaidi.

"A-na ma-ne-no... me-ngi. Ana maneno mengi." Akasita. Akamgeukia karani wa benki. "Nimekosea?"

Karani akachungulia. "Hujakosea, mzee."

"Ana maneno mengi ku-li-ko ka-zi." Akainua uso, akanitazama. Nikatazama sinia.

Akachukua ya pili. "Ha-fa-nyi kazi ya nyumbani, na ki-la siku ana sababu mpya." Ya tatu: "Amecheka da-ra-sa-ni muhula mzima." Kufikia ya nne alikuwa ameshika kasi, hasomi tena kwa silabi, na familia ya kando yetu ilikuwa imeacha kula. Nilikuwa mtu mzima, nina mume na kazi, nina funguo za ofisi mkobani, na nilikuwa nataka ardhi ipasuke.

"Na bidii ya kupigiwa mfano iko wapi?" aliuliza baba.

"Nilitunga, baba."

"Na usafi?"

"Nao."

"Na ile ya kwamba mwalimu amesema nina bahati ya kupata mtoto kama wewe?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanatetemeka. Karani wa benki akaangalia pembeni, akasema kama anayejisemea, "Kwa kweli alikuwa na kipaji." Baba akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, halafu kwa kifua, halafu akalala chali kwenye mkeka na zile karatasi juu ya tumbo lake, na jirani zetu wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Alipokaa tena aliichukua ripoti ya mwisho, ambayo hakuwa ameimaliza. Chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo. Aliusoma polepole, safari hii bila sauti, midomo tu ikienda. Kisha akazipekua zile nyingine, akautafuta mstari huo huo. Ulikuwa umeandikwa katika ripoti tatu: "Mzazi afike shuleni tuzungumze."

"Mwalimu aliniita mara tatu," alisema.



"Ningekwenda," alisema. "Ningevaa lile shati langu la Jumapili. Mimi nilidhani walimu hawaniiti kwa sababu wameniona nilivyo."

Hapo ndipo nililia, na sikulia kidogo. Nilimwambia, "Baba, nisamehe." Hakuniambia amenisamehe. Alinyoosha mkono akalirekebisha vazi langu begani, kama anavyoweka sawa kamba ya kupimia ukuta, akasema, "Kosa la mwanafunzi lina adhabu. Utaniandikia mara hamsini: 'Sitamsomea baba uongo.' Uniletee ziara ijayo. Na hati iwe nzuri."

Nilidhani ni mzaha. Wiki iliyofuata alinyoosha mkono chini ya wavu kabla ya salamu, akiidai karatasi, nami sikuwa nayo. Nikarudi Changamwe, nikaandika mistari ile ofisini wakati wa chakula cha mchana, mkubwa wangu akidhani naandika barua ya forodha. Afande wa kike aliikagua karatasi langoni, akasema hati inapendeza. Baba aliipokea, akaipitia mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu aliyoazima darasani, akarudi kwenye wavu.

"Arobaini na tisa," alisema. "Bado ana maneno mengi kuliko kazi."

Alitoka kabla ya miaka miwili kutimia, kwa sababu ya tabia njema. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwandikia jirani barua ya kuomba radhi, kurasa mbili, kwa mkono wake, akampelekea mwenyewe. Jirani aliisoma mlangoni, akamkaribisha chai. Ukuta hawakuutaja. Siku hizi wanaamkiana bila hila.

Lakini kuishi na mtu aliyejifunza kusoma akiwa mzee ni kazi. Amemwaibisha mwenye duka kwa kusoma tarehe kwenye pakiti za mikate mbele ya wateja. Mahubiri yakiendelea, yeye husoma kitabu cha nyimbo kuanzia mwanzo, na akifika pazuri humgonga mama kiwiko. Juzi alikipata kikaratasi kinachokuja ndani ya dawa za mama za presha, kilichoandikwa kwa Kiswahili, akakisoma chote wakati wa chai: kizunguzungu, kukauka mdomo, uchovu, miguu kuvimba. Kufikia adhuhuri mama alikuwa na vyote.

Nilipofika jioni nilimkuta amejilaza sebuleni, miguu juu ya mto, na baba kando yake akitafuta kama kuna ukurasa wa nyuma.

"Kichukue hicho kikaratasi," mama aliniambia, "ukakitupe mbali. Huyu alipokuwa hasomi, nyumba hii ilikuwa na afya."