Ua Alilokuchagulia Mama Honorine

Kwa Mama Honorine hukuwa unachagua ua, ulichaguliwa. Ungefika langoni pake pale Kapata, mtaa wa Kolwezi, useme una arusi au una msiba, naye angekutazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, kisha angeingia bustanini na kisu chake na kutoka na ua aliloona linakustahili. Ukinung'unika, unaondoka mikono mitupu. Walionung'unika walisubiri kwanza wafike mbali.

Nyumba ilikuwa ya kampuni ya migodi, moja katika safu ndefu ya nyumba zinazofanana, na mumewe, marehemu Philippe, aliipata enzi za ukarani wake. Wakati huo kampuni ilikuwa ikifanya mashindano ya bustani kila mwaka. Honorine, msichana wa Kinkondja aliyeletwa mjini kuolewa, aliwashinda wake za wakubwa mara tatu, kwa mayungiyungi aliyopewa na masista yakiwa bado vitunguu vya maua tu kwenye kopo. Kampuni ilipodhoofika mashindano yakafa na wake za wakubwa wakahama. Yeye akaendelea kushindana peke yake, na uamuzi akautwaa pia.

Watu wengine wanadhani yungiyungi ni yungiyungi. Thubutu kumwambia hivyo! Jeupe refu, lenye mdomo wa tarumbeta na harufu inayojaa chumba kizima, lilikuwa la Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu. Alilitoa kwa altare, kwa komunyo ya kwanza, na kwa bibi arusi ambaye yeye mwenyewe amemthibitisha. Arumu, lile lililojikunja kama karatasi ya kufungia karanga, aliliotesha kwenye mfereji nyuma ya bafu, nalo lilikuwa la wafu. Wanaooana komini, kwenye ofisi ya serikali, bila padri aliwapa la njano, linalochanua asubuhi na kunyauka jioni, na sababu hakuificha. Kulikuwa pia na la moto, jekundu lenye ncha za dhahabu, lililojiotea lenyewe na kuupanda mpera wake. Kiazi chake kina sumu ya kuua mtu. Hilo aliwahi kumpelekea katekista mmoja aliyemsengenya, tena kwa utepe. Na ukitaja la majini, lile watu wa mjini wanaloliona zuri likielea, ungeona uso wake unavyobadilika. Utotoni, kule kwenye maziwa ya Lualaba, mwaka wa njaa, alikula mizizi yake wiki tatu mfululizo.

"Ile ni chakula," alikuwa akisema. "Maua iko wapi pale?"

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta aliitwa Joyeuse, muuza makayabu, wale samaki wa chumvi wanaokuja kwenye makatoni. Mumewe alikuwa Stany, mnunuzi mdogo wa madini, na binti yao wa pekee alikuwa Abigaëlle. Huyu binti nusu ya utoto wake alikulia bustanini kwa Honorine, akiokota petali zilizoanguka. Alipochumbiwa na Merdi, mchimbaji kijana kutoka upande wa Kasai, hakuna aliyewaza kwamba angekosa mayungiyungi meupe. Lakini Honorine alikuwa na macho, na miezi minne ya mimba haifichiki kwa mtu anayekutazama kuanzia viatu.

Siku ya arusi kifurushi kilifika kanisani kikiwa kimefunikwa kitambaa safi. Kilipofunuliwa mlangoni, yakatoka maarumu ishirini. Wanawake wakashika midomo. Abigaëlle aliyabeba mpaka altareni kwa sababu hapakuwa na mengine, na machozi yakachora mistari kwenye poda.

Jioni ile Joyeuse alisimama kwenye ukuta, kilemba cha arusi bado kichwani.

"Ulipatia mwana yangu maua ya bafu?"

"Ile nyeupe ni ya mwanamuke mwenye hana mimba. Mi sikupanga, ni Kanisa."

"Na weye njo Kanisa?"

"Kwa kiwanja yangu, Kanisa njo mi," alisema Honorine, akaingia ndani.

Wiki mbili baadaye mayungiyungi meupe ya kando ya ukuta yakaanza kuwa ya njano kuanzia ncha. Siku ya nne yalikuwa yamekufa, na nyasi zake, na hata magugu ambayo hayafi kwa kitu. Kikabaki kipara cha ukubwa wa mikeka miwili. Paka wote wa mtaa walikuja kulala pale na kuilamba ardhi. Honorine akapiga magoti, akachukua udongo kidogo kwa kidole, akauweka ulimini. Chumvi. Chumvi ya chini ya makatoni ya makayabu, na samaki wake ndani.

Hakuvuka ukuta kwenda kupigana. Alikwenda kushtaki kwenye shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, kwa sababu alijua ana haki na alitaka apewe mbele za watu. Tata Tshilombo, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeongoza kikao. Kwa bahati mbaya mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku tatu, paka wameondoka, harufu imeondoka. Na watu walikuwa bado wanaona maarumu ishirini mbele ya macho yao.

Joyeuse akaweka mkono juu ya Biblia. "Mi sikumwanga munyu. Mungu anaona." Stany akasimama kando ya mkewe, akasema anamjua, hawezi kuapa uongo.

"Mama Honorine," alisema Tata Tshilombo, "uko na batu benye baliona?"

"Niko na ulimi yangu."

Wakacheka. Kisha Tata Tshilombo, aliyetaka kumaliza kabla ya mvua nyingine, akasema kwamba mtu anayemsingizia mwenzake hawezi kupamba altare. Aombe msamaha, au maua ya kanisa yapewe mwingine. Honorine alikuwa na wana wawili Lubumbashi wasiopiga simu na mume makaburini. Altare ndiyo iliyokuwa imebaki.

"Nilikosea," alisema. "Si munyu."

Wakaletewa Fanta moja na glasi moja, kama inavyofanywa kwa waliopatana. Wakanywa kwa zamu bila kutazamana. Chuki ya Honorine usiku na mchana ilikuwa na ladha ya ile Fanta.

Stany alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyemtetea mkewe. Halafu akaanza kufikiri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mkewe ameapa si chumvi. Honorine mwenyewe amekiri si chumvi. Basi ni nini kilichoua mpaka magugu? Kila mtoto wa Kolwezi anajua kwamba kilima chenye shaba tumboni huwa na kipara, miti inakikataa. Na mtaa wa Kasulo je? Si watu walichimba chini ya majiko yao wakatoa kobalti? Stany akapanda juu ya paa kwa kisingizio cha kutengeneza bati, akachungulia kiwanja cha jirani, akakiona kipara kinang'aa, cheupe pembezoni. Alishuka, bati akaliacha vilevile.

Kumwomba Honorine ruhusa ilikuwa ndoto. Kwa hiyo alianzia chumbani mwake. Alisogeza kitanda, akavunja sakafu, akamweka mkwewe Merdi na sururu. Walishuka wima kama kisima, kisha wakaanza kwenda mlalo kuelekea ukutani. Udongo waliutoa kwa makatoni ya makayabu. Joyeuse aliyaona makatoni yake mwenyewe yakipita sebuleni, yamejaa, moja baada ya jingine. Angesema nini? Kwamba aliapa uongo mkono ukiwa juu ya Neno la Mungu, na mumewe kasimama pale kama shahidi?

Honorine alilima pekupeku, na kwa nyayo ndipo alipowasikia. Du, du, du, chini kabisa. Alisimama, akasikiliza, na alipoelewa wanatafuta nini, alicheka mpaka akakaa chini. Alifurahi, tusimpambe. Kila asubuhi alienda kusimama pale kwanza, kabla hata ya chai, kumsikiliza Joyeuse akibomolewa nyumba kwa kiapo chake.

Walikutana bombani, kwenye foleni ya wanawake.

"Mama Abi, kazi ya ku nyumba inaendelea?"

"Inaendelea."

"Mungu abasaidie bapate."

Joyeuse alijaza ndoo yake. Mdomo ulifunguka kidogo, kama anayetaka kusema kitu, au kuomba. Honorine alisubiri. Akisema hapa, mbele ya hawa wanawake wote, basi yameisha, aliwaza. Joyeuse akajitwisha ndoo, akaondoka. Haya, akasema moyoni, kaa nayo.

Wiki ya tatu, adhuhuri, Merdi alikuja langoni. Mwekundu wa vumbi kuanzia nywele mpaka kope, kofia mkononi. Honorine hakuwahi kumtazama vizuri. Aliona sasa kwamba alikuwa na miguu mikubwa ya mtoto ambaye bado anakua.

"Mama, jambo. Minataka kukuuliza kitu. Tulishafika chini ya kiwanja yako. Hatuone kitu, ni bulongo tu, tena ya laini, inaanguka-anguka. Baba-mukwe anasema tuendelee. Ile maua, ilikufwa ju ya munyu ao hapana? Uniambie tu. Sitasema kwa mutu."

Jibu lilikuwa neno moja, nalo lilikuwa tayari ulimini, mahali palepale alipouonja ule udongo. Lakini akaiona ile glasi moja. Akawasikia wanavyocheka. Na huyu ni wa upande wao, amekuja kumchukulia haki yake mafichoni, waliyomnyima hadharani.

"Si nilisema mbele ya shirika?" akajibu. "Si munyu. Mama-mukwe yako alilapa. Muende muchimbe."

"Aksanti, mama," alisema Merdi, akavaa kofia yake, akaenda.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya mvua ya kutwa. Honorine alikuwa anakata maua ya Jumapili pale kipara kiliposhuka. Hakikupiga kelele. Udongo uliingia ndani taratibu, kama unga kwenye gunia lililotoboka, na ukuta ukalala juu yake. Kisha akamsikia Stany, toka chumbani kwake, akiita jina la mkwewe.

Wanaume wa mtaa walikuja na majembe, wakakanyaga mayungiyungi, na Honorine akakanyaga pamoja nao, akichimba kwa jembe la bustani, kisha kwa mikono. Walichimba mpaka kesho yake. Walimtoa kupitia bustanini, vitunguu vya maua vimemshika nguoni, na Abigaëlle aliyekuwa amekaa chini tangu jana, tumbo mapajani, hakuinuka. Mtu mmoja alimfunika Merdi kwa kitenge.

Katika kilio, viti vikiwa vimepangwa barabarani, Joyeuse alipiga mayowe ambayo mtaa mzima uliyasikia. Akiwa mkekani alijipiga kifua, akasema yote: makatoni, chumvi, Biblia. Stany alinyanyuka akaenda kukaa peke yake mwisho wa barabara. Honorine aliyasikia hayo akiwa jikoni kwake. Haki yake ilikuwa imefika, hadharani, kama alivyoitaka, na alitamani mtu aje kuirudisha.

Alitoka na kisu, akakata kila yungiyungi jeupe lililobaki limesimama. Yalikuwa kumi na moja. Aliyaosha matope, akayafunga kwa kitambaa kilekile cha siku ya arusi. Alikuwa anafungua lango kwenda nayo msibani alipomkuta Abigaëlle nje, amesimama, kichwa wazi.

"Mwana yangu, kamata. Ni ya Merdi. Ni yote."

Abigaëlle aliyapokea mikononi, akayatazama.

"Mama alishasema. Ye njo alimwanga munyu."

"Nilisikia."

"Merdi aliniambia alikuya kukuuliza."

Honorine angeweza kusema uongo. Aliyejua alikuwa marehemu.

"Alikuya," akasema.

"Ulimujibu nini?"

"Nilimujibu baende bachimbe."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Niliionja na ulimi yangu."

Barabarani walikuwa wameanza wimbo mwingine. Abigaëlle alisikiliza kidogo, kama mtu anayetaka kujua ni upi. Kisha akamrudishia Honorine yale meupe, taratibu, akihakikisha hayaanguki.

"Hii, ubakie nayo," alisema. "Nipe ile ulinipatia siku ya arusi yangu. Siku ile ulichagua muzuri."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Honorine ua analolitaka. Aliyaweka meupe chini, hapohapo kwenye matope ya lango, akaenda nyuma ya bafu, akainama kwenye mfereji.

"Ngapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Yote."

Alikata la kwanza, akalikung'uta maji, akaliweka begani. Magoti yake yalizama kwenye matope na mgongo ukamuuma, na nyuma yake yule binti alisimama akihesabu kwa sauti.