Uzi Mwekundu Ndani ya Koti

Harufu ya wanga uliochemka, pamoja na ya makaa ndani ya pasi, ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu. Baba yangu alikuwa dobi pale Bondeni, mjini Nakuru, na chumba cha mbele kilijaa nguo za watu wengine: mashati ya makarani wa reli, kanzu za wazee wa msikitini, na suti za walowezi zilizoletwa na wapishi wao kila Jumanne. Miezi ya kiangazi, upepo ulipovuma kutoka ziwani, vumbi jeupe la magadi liliingia hata kwenye chai, na sote tulitoka mbio kuanua nguo. Mimi, binti wa miaka kumi, nilikuwa mshonaji wa alama. Kila mteja alikuwa na uzi wa rangi yake ndani ya nguo, mishono michache tu, ili suti ya huyu isiende kwa yule. Kwa hiyo ukiniuliza kama mpiga kura anapaswa kutazama mavazi ya mwanasiasa, usitarajie nikujibu kwa upole. Nguo nimezijua kutoka upande wa ndani.

Mwaka ule, 1957, Waafrika waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kumpigia kura mjumbe wao wa baraza la kutunga sheria. Si wote, bali waliosoma kidogo au waliokuwa na kipato, na baba alikuwa mmoja wao. Kwetu walizungumziwa wagombea wawili. Wa kwanza alikuwa na gari, kofia, tai ya hariri na viatu vya rangi mbili. Wa pili alikuwa Mwalimu Elijah, ambaye alimfundisha baba kusoma ukubwani. Koti la Mwalimu lilikuwa moja tu, la kaki, na viraka vya viwiko vyake alivitia baba mwenyewe. Watu walimcheka waziwazi. "Huyu ndiye ataenda Nairobi kuketi na Wazungu na hiyo gunia?" walisema mbele ya duka letu, wakati wamekuja kuchukua mashati ambayo kola zake tulizigeuza ili kuficha uchakavu. Mwalimu alikuwa akisema juu ya mishahara ya mashambani na watoto wasio na shule. Hakuna aliyeniambia amesema nini. Wote waliniambia amevaa nini, nami nilikasirika, na mpaka leo hasira hiyo haijaniisha.

Sasa, madobi wa mji ule walikuwa na siri. Nguo ya mteja ikilala dukani mwisho wa juma, iliazimwa ikaenda harusini. Mabwana harusi wengi wa Bondeni walioa wakiwa ndani ya suti za walowezi, na Jumatatu suti ilikuwa imepigwa pasi na kutundikwa mahali pake. Hatari yake kila mtu aliijua: mteja akigundua, dobi ananyang'anywa leseni, na siku zile za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Mwafrika asiye na kazi hakuachwa akae mjini. Mkutano wa mwisho wa Mwalimu uliangukia Jumapili. Baba alishusha koti la suti ya kijivu ya mlowezi wa upande wa Kabazi akamwambia, "Vaa, Mwalimu. Leo tu. Wakuone mtu, wapate kukusikiliza." Mwalimu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alinyoosha mikono akavishwa. Baba akaniagiza nifumue uzi mwekundu ulioshonwa ndani ya koti, nami nikaitikia. Sikuufumua. Nilijua kesho yake ningetakiwa kuushona upya, na nani angechungulia ndani ya koti la mgombea?

Uwanjani watu walimpigia makofi kabla hajafungua kinywa. Walewale waliomcheka Ijumaa! Alisema maneno yaleyale ya siku zote, na safari hii wakatikisa vichwa na kuitikia. Mwalimu mwenyewe alisimama amekakamaa, akiogopa kupinda mikono. Kisha alipofika kwenye habari za shule alijisahau, akainua mkono juu, upepo wa ziwani ukalifunua koti. Mstari wa mbele alikuwapo Barasa, mpishi wa yule mlowezi.

"Ngojeni!" alipaza sauti. "Hii koti ni ya bwana yangu! Mimi mwenyewe nilipeleka kwa dobi. Angalieni hiyo uzi!"

Kicheko kilichofuata nakisikia hadi leo. Baba alinishika bega. Mwalimu alilivua koti, akalikung'uta vumbi, akalikunja vizuri na kumkabidhi Barasa. "Mpelekee bwana yako. Mwambie nililivaa mimi, si mwingine. Koti ni lake. Maneno ni yangu, na sijamaliza." Akaendelea na shati lake lililochanika kola. Nusu ya watu waliondoka. Waliobaki walikaa chini kwenye vumbi wakamsikiliza hadi mwisho.

Baba alinyang'anywa leseni juma lilelile. Siku ya kura alikwenda na aproni yake yenye mabaka ya wanga, ingawa mama alimsihi abadilishe. "Hii ndiyo yangu," alimjibu. "Zile zingine nilikuwa nawafulia." Mwalimu alishindwa, nasi tukahamia kwa mjomba, kibarua wa shamba huko Njoro. Miaka mingi baadaye nilimwambia baba kuhusu ule uzi. "Nilijua siku ileile," alisema. "Nilihisi bega lako linatetemeka." Hakunilaumu. Mimi najilaumu kwa uvivu wangu, lakini lawama kubwa nawapa wale waliopiga makofi.

Siku hizi naishi mtaa wa Kaptembwo, hapahapa Nakuru, na mchezo umegeuzwa. Tajiri akitaka kura haji na suti. Anakuja na viatu vya mpira, gamubuti, anasimama kando ya barabara pale Salgaa kula mahindi ya kuchoma mbele ya kamera. Vijana wananiambia, "Mathe, huyu ni mtu wetu, si unaona vile amevaa?" Naona. Umaskini wa kuazima ni suti ileile ya kijivu. Juzi alikuja mmoja na ovaroli ya fundi wa mawe, mikunjo ya dukani ingali kifuani, akaahidi mambo mengi, akauliza kama kuna swali. Nilisimama na mkongojo wangu.

"Vua hiyo ovaroli," nilimwambia, "halafu uyaseme tena."

Watu walicheka, naye akacheka, kisha akaanza kumtafuta dereva wake kwa macho. Mimi sikuketi. Nilingoja nimesimama, na hakuivua.