Vyungu vya Ukutani

Nakumbuka mchana mmoja pale Ihanda, mwanangu, mvua zikielekea kuisha na watu wote wakiwa shambani, nikasikia ukuta wa chumba changu unavuma. Sauti ilikuwa nyembamba, inakoma, inaanza tena. Chini ya ukuta huo alilala mtoto wangu wa kwanza, Asifiwe, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa ananyonya kidogo na kulala mno.

Nikainua macho. Udongoni palikuwa na vyungu vitatu, kila kimoja hakizidi ncha ya kidole gumba, vyenye shingo na mdomo uliokunjwa nje. Asubuhi vilikuwa viwili tu. Na hivyo viwili sasa vilikuwa vimezibwa.

Nilimjua mtu mmoja tu aliyekunja mdomo wa chungu namna ile: Shangazi Enesi, dada wa baba mkwe wangu, mjane asiye na mtoto, aliyefinyanga vyungu vya kuuza nyuma ya jiko letu. Jioni nikasema mbele ya wote kwamba anafungia pumzi ya mwanangu kwenye vyungu. Ulimi hauna mfupa. Mume wangu aliinamisha kichwa, na mashemeji wakaamua ukoo ukutane Jumapili baada ya ibada, Shangazi aondolewe pale nyumbani. Mjane wa umri ule aende wapi? Sikujiuliza, na hilo linanichoma mpaka leo.

Shangazi hakujitetea. Kesho yake alikuja na kigoda, akaketi mlangoni kwangu, akaniambia nami niketi, ninyamaze, nitazame.

Jua lilipopanda akaingia nyigu mmoja, mweusi mwenye mikanda ya njano, kiuno chembamba kama uzi. Alibeba tonge la udongo, akalikunja kuzunguka mdomo wa chungu, akivuma, na ukuta ukavuma naye. Akatoka, akarudi na kiwavi wa kijani, akamsukumiza ndani. Akaleta mwingine, na mwingine, kisha akaziba.

Shangazi akapasua chungu kimoja kwa mwiba. Viwavi walilala humo, laini, wabichi, hawajaoza wala hawatambai. Nilimgusa mmoja, akajikunja kidogo tu, kama mtu anayetaka kuamka akazuiwa. Juu yao yai lilining'inia kwa uzi. Akanieleza kwamba nyigu huyu hana kundi, hamchomi mtu asiyemshika. Viwavi ndio anaowachoma, wasife wala wasiondoke, ili mtoto wake akianguliwa awale wakiwa hai. Niliogopa uchawi, kumbe kilichokuwepo kilitisha zaidi, na wala hakikuwa na habari nasi.

"Huyu mdudu umemtazama tangu asubuhi, umemjua," alisema. "Mimi nawe tumekula chungu kimoja miaka mitatu, mama Asifiwe. Mimi ulinitazama lini?"

Niliingia ndani, nikambeba Asifiwe mgongoni. Mtoto tulimpeleka zahanati, ikawa ni malaria, akapona. Jumapili nikasimama mbele ya ukoo nikakiri kosa langu, wakasema yamekwisha, Shangazi akabaki. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna mtu wa Ihanda aliyechukua tena chungu mkononi mwake, hata wale walionisikia nikikiri. Aliendelea kufinyanga, akivipanga nyuma ya jiko mpaka pakajaa. Alipofariki vilikuwa bado pale, na upepo ukipita midomoni mwavyo, ua mzima ulivuma. Nililala miaka mingi nikiusikia uvumi ule.

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa giza. Siku hizi mna simu, jina la mtu hufika Tunduma kabla uji haujapoa. Ukisikia ukuta unavuma, leta kigoda, kaa, tazama mpaka umjue anayevuma. Na kabla hujataja jina la mtu, mtazame yeye kwanza, muda ule ule uliompa mdudu.

Mungu akupe macho yenye subira. Na ulimi wako ukitaka kuyatangulia, auzibe Yeye mwenyewe kwa udongo, mpaka uwe umeona.