Poda ya Mwanamitindo

Fardosa, wakala wa matangazo hapa Garissa, alinionya mapema mimi mpiga picha wake: "Mwanamitindo wa tangazo la maziwa ya ngamia hapendi kelele. Ukimuudhi, sikuiti tena."

Basi mimi na akili zangu nikajipanga. Asubuhi akaja mzee mwenye ndevu za hina, akivuta ngamia.

"Karibu, adeer, mzee wangu, umependeza!" Nikampaka poda, nikamgeuza huku na huku, nikazisifu ndevu mpaka koo likanikauka. Ngamia alipojileta mbele ya kamera, nilimfukuza kwa kelele. Mzee alitii yote.

Fardosa akafika nikimfukuza tena ngamia, akatazama picha. "Mwanamitindo yuko wapi?"

Nikamwonyesha mzee.

"Huyo ni mchunga ngamia! Mwanamitindo ni huyo uliyemfukuza."

Mzee akapapasa shavu lake. "Kwani yeye hapakwi poda?"