Bunduki Hupimwa na Koti Mwilini

Siku moja ya karantini bado naikumbuka vizuri, mwanangu. Kijana wangu Emanueli, dereva wa lori la makontena kule bandari ya Port Botany, alikuwa amesimama sebuleni kwetu Ingleburn, huku ughaibuni, fulana tu mwilini, akiipandisha begani bunduki yake ya marisau. Ilikuwa tupu, nilikagua mwenyewe kwanza. Alikuwa akisubiri mipaka ifunguliwe aende kuwinda Tasmania, kwenye kisiwa ambako bata mzinga wamegeuka ndege wa porini.

Alikuwa ameitengeneza hasa. Juu ameweka kioo chenye nukta nyekundu ya kulengea. Kwenye mdomo wa mtutu amefunga kibano, kile kinachozuia marisau, zile chembe za risasi, yasitawanyike mapema. Bata mzinga hupigwa kichwani na shingoni. Ukimpiga mwilini, manyoya humkinga, atakimbia na jeraha akafie vichakani. Kitako nacho amekirefusha kwa vipande viwili vya mpira, kikamkaa sawasawa. Kipya kinyemi.

"Umeionaje, Baba? Iko perfect."

"Kavae koti lako la kazini."

"Koti, ndani ya nyumba? Baba, karantini imekuchosha!"

Nikacheka. Wazo lile la koti halikuwa langu, lilikuwa la mjomba wangu Maganga wa Tabora. Nilipokuwa kijana kama wewe, nilitamani kwenda naye kuwinda kanga. Bunduki yake ilikuwa na kibali, na kitako chake kilikuwa kirefu mno kwangu, basi akaniruhusu kukiranda. Nikakiranda mchana wa jua kali, kifua wazi, mpaka kikanitosha. Mjomba hakubisha. Akanivika kabuti lake, zito kama gunia la mihogo, akasema, "Haya, pandisha." Kitako kikanasa kwapani.

"Kumbe kanga wako hutoka saa sita mchana!" akanitania. "Wangu hutoka alfajiri ya kipupwe."

Kisha akatundika karatasi ya mfuko wa saruji kwenye kichuguu, akachora kichwa cha ndege kwa mkaa. "Makosa yako yamalizie hapa," akasema. "Karatasi haisikii maumivu."

Basi Emanueli akavaa koti, akapandisha bunduki. Ikanasa. Akachukua bisibisi, akatoa kipande kimoja cha mpira.

Viwanja vya shabaha vilipofunguliwa tulikwenda pamoja, tukachora kichwa kwenye karatasi na kuisogeza mbali kidogo kidogo. Karibu, kichwa kilijaa matundu. Mbali zaidi, marisau yaliacha mapengo, hata shingo nzima ingepona na mwili ungejeruhiwa. Akasimama pale mapengo yalipoanzia, akautazama umbali ule mpaka macho yakauzoea.

Akaenda Tasmania. Akarudi bila ndege, na mama yake alikuwa ameshawaalika majirani zetu Warundi. Tukala kuku wa dukani.

"Mwindaji wetu huyo!" jirani akasema. "Kuku huyu alikimbia sana?"

Watu walipoondoka, Emanueli akanisogelea. "Alikuja dume kubwa, Baba. Nukta ikakaa shingoni kabisa. Lakini alisimama kule kwenye mapengo."

"Ukafanyaje?"

"Nikashusha bunduki."

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Ule wa Emanueli niliushika kwa mikono yangu yote miwili.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: chombo chako, kiwe bunduki au kingine, kipime katika hali utakayokitumia, si katika starehe ya sebuleni. Majaribio yako yafanyie karatasi, usiyafanyie uhai. Na ukishaujua mwisho wa uwezo wako, uheshimu hata porini ambako hakuna anayekuona. Usiogope kuchekwa, kicheko huisha kabla vyombo havijaoshwa.

Mungu akupe jicho tulivu na bega imara, na siku ndege atakaposimama mbali, akupe moyo wa kushusha.